Maswali Yenu: Jengo Zima, Lakini Limepitwa na Wakati

Nataka nyumba Ilala iliyojengwa 1974. Si imeshapitwa na wakati?

Umri peke yake hausemi kitu. Ya 1974 yenye kuta nzima na mtaa unaopitika inaishinda ya 2015 iliyojengwa bondeni.

Nyumba ya Kiswahili Temeke: vyumba sita, korido katikati, choo uani, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja. Dalali anasema nipige rangi na tailizi, kodi itapanda. Ni kweli?

Si kweli, na swali hili limejibiwa hapa mara nyingi. Rangi na tailizi hutibu uchakavu. Ugonjwa wa nyumba hii ni mpangilio: mpangaji wa leo anataka choo chake na LUKU yake, hataki kugombana na wenzake watano juu ya nani kawasha pasi.

Mpangilio wa hapo unaweza kutibika: unganisha vyumba viwiliviwili upate makazi matatu ya chumba na sebule, kila moja na choo chake. Kabla ya kulipa hata shilingi, chokonoa plasta kwa msumari sehemu tatu nne. Ukikuta udongo na fito chini ya saruji, acha. Ukuta huo haupokei mlango mpya. Ukiwa wa tofali, kila mlango unaotobolewa uwekewe linta, yaani boriti ya kubeba ukuta ulio juu yake, la sivyo ukuta utapasuka juu yake. Kisha pima usawa wa sakafu dhidi ya barabara na karo, shimo linalopokea maji machafu. Bomba la choo la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Mitaa mingi ya Dar es Salaam barabara zimeinuliwa hadi nyumba zimebaki chini; hapo maji machafu hayatoki, na mvua inaingia ndani.

Halafu fanya hesabu. Tuseme vyumba 6 kwa 40,000 ni 240,000 kwa mwezi. Makazi 3 kwa 150,000 ni 450,000. Nyongeza ni 2,520,000 kwa mwaka. Kazi ikigharimu milioni 9, fedha inarudi kwa miaka mitatu na nusu hivi: fanya. Ikigharimu milioni 25, ni karibu miaka kumi: usiguse, dai punguzo la bei. Na punguzo hilo ulidai kabla ya kusaini.

Nataka kununua ghorofa ya ofisi Posta, katikati ya Dar es Salaam; nusu iko wazi. Nikifunga viyoyozi vipya wapangaji watarudi?

Kwanza uliza walikwenda wapi. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi kuanzia 2016, wizara zilihama na mahitaji yao ya ofisi. Hasara iliyo nje ya kuta zako haina fundi. Kazi yako ni kuitoa kwenye bei: kama kila mwezi jengo linaingiza kodi iliyopungua kwa milioni 4 ukilinganisha na lingine la hadhi hiyo mahali penye wapangaji, hizo ni milioni 48 kwa mwaka; ukitaka faida ya asilimia 10 kwa mwaka, milioni 48 ni faida ya milioni 480, basi hizo ndizo upunguze kwenye bei.

Usiamini orodha ya wapangaji uliyopewa. Nenda Jumanne saa nne asubuhi, simama upande wa nyuma, hesabu viyoyozi ambavyo feni zake hazizunguki. Dai mikataba pamoja na taarifa za benki za miezi 12, maana kuna wauzaji wanaowaweka ndugu zao ofisini mpaka hati ibadilishwe jina.

Ukuta wa nyumba ninayoitaka una alama ya X, ile ya kubomolewa. Dalali anasema ni ya zamani.

Dalali hapangi hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara. Nenda ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa barabara, kabla hujatoa chochote. Mwaka 2017, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121 za Barabara ya Morogoro zilibomolewa, nyingine zikiwa imara kabisa.

Tuko Muscat, tumerithi nyumba Mji Mkongwe. Kaka anataka kuvunja kuta apate sebule kubwa, apige na plasta ya saruji.

Mzuieni, tafadhali. Wembamba wa vyumba vile umetokana na boriti za mikoko, ambazo hubeba upana wa mita tatu hivi. Ukivunja ukuta, unaondoa kinachoishikilia dari, na huenda ni ukuta wa jirani pia. Saruji nayo hufungia unyevu ndani ya mawe ya matumbawe: chumvi inasukuma plasta, na vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta ambako hamvioni. Tumieni chokaa. Anzeni na paa na mifereji, kisha chomeni kila kichwa cha boriti kwa bisibisi; ikizama, badilisheni boriti hiyo kwanza. Mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kila badiliko linataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kwa hiyo wembamba huo hautibiki. Tafuteni matumizi yanayoukubali, kama nyumba ya wageni.

Nimejenga ghorofa la vyumba saba Mbagala kwa milioni 180. Mnunuzi anatoa 95. Ananidhulumu?

Hakudhulumu. Alichotumia mjenzi si bei, na mtaa wa nyumba za vyumba vitatu haulipi vyumba saba. Ziada isiyohitajika ni kasoro sawa na upungufu. Ngazi ikiweza kutolewa nje, gawa juu na chini kuwa nyumba mbili zenye LUKU mbili, ndipo uuze.