Re: Bluetooth ya gari inasahau simu kila nikizima, na inapiga mluzi

Mkuu hiyo ya kusahau simu kila ukizima gari redio yenyewe haina shida, fundi kageuza waya zake tu. Ule wa njano unataka umeme wa betri muda wote, 12V hata ukichomoa funguo, ndo unaoshikilia kumbukumbu, mwekundu unapata umeme ukiwasha swichi. Vuta redio nje, zima gari, gusa wa njano na testa, kama kimya badilishana na mwekundu. Ila rangi za waya wa gari lenyewe usiziamini kabisa, pima, kwenye Toyota yangu ethi (waya unaofungwa kwenye bodi ya gari) ilikuwa kahawia wala sio nyeusi.

Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta mara nyingi ni ethi mbovu, kwaruza rangi ya bodi mpaka chuma king'ae ndo ufunge bolti. Na hao unaowapigia simu wasiokusikia vizuri, fundi maiki kaiweka wapi? Yangu ilibandikwa juu ya tundu la AC, foleni ya Ubungo feni namba nne mke wangu akadhani nimepanda bodaboda 😂 nikaihamishia juu karibu na kizuia jua, kwisha habari. Fyuzi ya waya wa njano usiiruke.