Kasi ya shata kwa mitambo ya upepo

Umeuliza kwa nini mitambo ya upepo uliyoipiga picha kando ya barabara kuu inaonekana imesimama, ilhali ilikuwa ikizunguka. Sababu ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga: mtambo mkubwa huzunguka takribani mara 10 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo katika sekunde 1/500 panga lake halisogei hata digrii moja. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, shusha kasi hadi sekunde 1/4 au hata nusu sekunde, na jua likiwa kali tumia kichujio cha kupunguza mwanga. Hapo ncha za mapanga zitaacha ukungu laini huku mnara ukibaki dhahiri. Vilima vinavyoonekana pichani navyo vinataka jua la pembeni, la asubuhi au jioni, kwani ndilo linalotia kivuli mabondeni na kuonyesha miinuko, na lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 200 hivi, huifanya safu ya vilima ya nyuma ionekane karibu na ya mbele. Tafadhali usiegeshe ukingoni mwa barabara kuu: upepo wa malori hutikisa stendi na, kubwa zaidi, unahatarisha maisha yako. Tafuta barabara ndogo inayopanda vilimani.