Usimsemee Mungu Msibani

Katika misiba ninayohudhuria kama katekista hapa Masasi, mkoani Mtwara, mara nyingi nasikia mfiwa akiambiwa kwamba Mungu alimpenda mtoto wake zaidi, au kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Wasemao hivyo wana nia njema, lakini namsihi kila aendaye kumpa mtu pole asimsemee Mungu sababu ambayo Mungu mwenyewe hakuitaja.

Kunyamaza hivi kuhusu sababu za Mungu kuna mizizi mirefu katika imani yetu. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alifundisha kwamba Musa, kadiri alivyozidi kumkaribia Mungu, aliingia gizani, kwa kuwa akili ya kiumbe haiwezi kumfikia Muumba alivyo. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliandika kwamba hatuwezi kujua Mungu ni nini, bali vile asivyo; naye hakuukwepa uovu, maana aliutaja wa kwanza kati ya hoja za wanaokana kuwapo kwa Mungu. Tukimwita Mungu mwema, basi, hatumaanishi binadamu mwema aliyekuzwa, mwenye mipango na hesabu kama zetu, anayehitaji tumtetee kama wakili amteteavyo mteja wake.

Mama mmoja aliyefiwa na mtoto wake wa kwanza aliniuliza, akiwa mkekani na kanga aliyombebea mwanawe ameikunja mapajani, "Katekista, Mungu alikuwa wapi?" Nilimjibu kwamba sijui, nikamsomea Zaburi ya 88, ambayo karibu yote ni malalamiko na inaishia gizani bila neno la faraja. Aliniomba niirudie.

Hata hivyo, fumbo la Mungu lisifunike uzembe wa watu. Mtoto akifa kwa malaria kwa sababu zahanati haikuwa na dawa, ukosefu wa dawa si fumbo hata kidogo. Una wahusika, nao wanapaswa kuulizwa.

Vilevile, fumbo hilo lisitumiwe kumnyamazisha anayelia. Rafiki za Ayubu walikaa naye kimya siku saba, wakafanya vema. Walipoanza kumtetea Mungu ndipo walipoharibu, na mwishowe Mungu alimwambia Elifazi, mmoja wao, kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, yule aliyelalamika. Kwa hiyo keti na mfiwa, chota maji, saidia jikoni, na akimlalamikia Mungu usimkatize.