Cheti cha malipo si pesa, wadogo zangu

Juzi nimeona picha ya injinia mwingine kijana. Mkataba wake wa kwanza haujavuka msingi, naye kashika hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, kazungukwa na wanafunzi watano anaosema atawasomesha chuo kikuu. Nilicheka, halafu nikaacha. Hundi ya namna ile nilishawahi kuishika.

1. Pima udongo kabla ya kutaja bei. Kololo ya mlimani na Bwaise ya bondeni kwenye maji ni Kampala moja, ila msingi wake si mmoja.

2. Cheti cha malipo, ile karatasi inayosema kazi uliyofanya inastahili kulipwa kiasi gani, kikisainiwa, toa 6% ya kodi ya zuio, toa retensheni, yaani fungu ambalo mteja analishikilia hadi kasoro zirekebishwe, na ile VAT ya 18% usiiguse kwa macho. Deni la nondo na simiti nalo lipo. Mimi sikutoa kitu. Nilikuwa na cheti mfukoni, nikaenda sherehe ya shule ya kwetu, mama kakaa mstari wa mbele, nikasimama: watoto sita, uinjinia, miaka minne, juu yangu! Vigelegele nilivyopigiwa siku ile, hata harusini kwangu sikuvisikia.

Semista ya kwanza nililipa. Ya pili, mteja akasema fedha hazijatoka. Zikapita wiki, ikapita miezi. Wenye simiti wakipiga simu napokea, tena kwa "shikamoo". Wale watoto wakipiga, naigeuza simu kifudifudi mezani. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo, si kwenye pesa. Siku moja binti mmoja akanifuata saiti kwa boda. Hakuomba hata nauli. "Mzee, ungetuambia mapema kwamba huna, baba angeuza ng'ombe." Mtihani ulikuwa umeshaanza, na bila karo kukamilika hakuruhusiwa kuingia. Nanyi mnajua kozi za semista ya pili hazirudi hadi mwaka unaofuata. Nikamla mwaka mzima.

Mama aliniuliza mara moja tu wale watoto wanaendeleaje. Nikabadilisha mazungumzo.

3. Sasa nasomesha wawili. Simtajii mtu ahadi mpaka karo ya semista zote nane iko benki, akaunti tofauti na ya kampuni. Na nalipa kwa namba ya malipo ya mwanafunzi mwenyewe, si mkononi mwa mjomba.

4. Mwenye mkopo wa ile Bodi ya serikali ya kugharamia wanafunzi wa elimu ya juu (HESFB), ya sheria ya 2014, usimwone ameshatosheka. Mkopo ule unalipa karo na ada za chuo. Chumba na posho anajitafutia. Mlipie hosteli.

5. Mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo mpe leveli, kile chombo cha kupimia usawa, ashike. Chai ya saiti ina mwenyewe wa kuichemsha.

Wewe wa kadibodi, nitafute kabla ya mwezi wa nane, nikuoneshe hesabu ya semista nane kwenye karatasi moja. Hundi yako usiitupe. Ina upana mzuri, mvua ikikukuta itafunika mifuko ya simiti.