Kwa nini Cutty Sark iliacha kubeba chai
Si kwamba ilikosa mwendo. Merikebu hii ya matanga, iliyojengwa kubeba chai kutoka China hadi Uingereza, ilishushwa majini Dumbarton, Uskoti, tarehe 22 Novemba 1869, siku 5 tu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa. Mkosi ulioje! Meli za moshi zikapita njia ya mkato. Yenye matanga ikabaki kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwani sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Shamu upepo humjia usoni anayeelekea Suez. Chai ya mwisho ilibeba 1877. Sifa kubwa iliipata baadaye kwa sufu ya Australia, 1883 hadi 1895. Mataruma yake (mbavu za ndani) ni chuma ila ubavu ni mbao, ndiyo maana iliweza kuvishwa bamba za mchanganyiko wa shaba na zinki kuzuia mwani usiipunguzie mwendo. Zikigusa chuma, maji ya chumvi hukila.