Msprusi wa buluu unataka nafasi kwanza, mengine baadaye

Misprusi ya buluu, ile miti ya jamii ya misonobari yenye majani ya rangi ya buluu, nimeipanda miaka mingi sasa, mingine ya kupamba kiwanja mingine ya kukata wakati wa Krismasi, na mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia pima nafasi kabla hujanunua mche. Mche wa sentimita 40 unadanganya jamani. Unauona kadogo unauweka karibu na ukuta, kumbe huo ni mti wa mita 15 hata 20 kwenda juu, na matawi ya chini yanatanuka mita 4 mpaka 6.

Mimi nilipanda mstari wa uzio, mita mbili mbili, nikitaka uzibe haraka. Ukaziba kweli, ukapendeza miaka kama kumi, halafu sindano, yaani yale majani yake membamba, za matawi ya chini zikaanza kugeuka rangi ya zambarau na kahawia zikawa zinapukutika, kutoka ndani kwenda nje, kutoka chini kwenda juu. Ni fangasi anaitwa Rhizosphaera, anapenda majani yanayokaa na unyevu, na pale upepo haupiti hayakauki. Kibaya zaidi tawi likishakuwa tupu halirudishi sindano, ndo basi tena. Iliniuma sana kukata miti niliyoilea kwa mikono yangu. Siku hizi naacha mita 5 kutoka mti hadi mti, na maji namwaga chini kwenye shina, sirushii majani kabisa.

Ya Krismasi ni hesabu nyingine, maana unaikata ikifika mita 2, kwa hiyo mita moja na nusu hivi inatosha ila nyasi zisiizidi nguvu. Miaka miwili mitatu ya mwanzo utaona kama haikui, iko inatafuta mizizi, usiimwagie mbolea kwa hasira. Kufika mita 2 ni miaka 8 mpaka 10.

Sasa ule ubuluu. Ni nta nyembamba juu ya sindano, kama ule unga kwenye ngozi ya zabibu, ukiigusa sana inatoka. Mwaka mmoja nilipulizia dawa ya mafuta kuua utitiri, utitiri wakafa lakini miti ikabaki kijani tupu mpaka sindano mpya za msimu uliofuata. Siku hizi nagonga tawi juu ya karatasi nyeupe, nikiona vidoa vinatembea nawapiga kwa maji ya presha, basi. Halafu ujue miche ya mbegu haifanani, mingi inatoka kijani kijani na michache tu ndo buluu ya kweli, kwa hiyo nenda kitaluni uchague kwa macho yako. Kwa bustani mi napenda miche ya kubebeshwa, yaani kikonyo cha mti wa buluu kinaunganishwa kwenye shina la mche mwingine, aina kama Hoopsii au Fat Albert, bei inauma lakini rangi una uhakika nayo.

Na kama unapoishi hakuna baridi ya kweli, nakuomba usiupande. Huu ni mti wa milima ya Rocky kule Marekani, Colorado na Utah, unataka kipupwe kikali, jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Usiuzike kirefu pia, pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo, na matandazo yasiguse shina.

Kupogoa subiri machipukizi ya mwaka yakomae, punguza ncha, acha kilele kimoja tu, vikiwa viwili kata kilicho dhaifu mapema. Vaa glavu nene, sindano zina pande nne na zinachoma kwelikweli, mteja wa mti wa Krismasi mwenye watoto wadogo ndani namwambia hilo kabla hajalipa. Akishaufikisha mti wake uliokatwa nyumbani akate kipande cha sentimita 2 chini ya shina, auweke kwenye maji hapo hapo, na asiuache ukauke hata siku moja.