Gari inalia "tak" asubuhi, ninunue stata nyingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Uyole hapa Mbeya, nina Corolla ya 1998 ya manyuo. Wiki ya pili sasa nikipiga stata asubuhi inalia tak moja tu basi, nikirudia mara tano sita inawaka kama haikuwa na shida. Betri bado mpya. Fundi wa mtaani kasema stata imekufa, je naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela yako ikae mfukoni kwanza, stata inayogoma halafu baadae inakubali bado haijafa. Ila baridi ya huko mwezi wa sita na wa saba usiichukulie poa, oili inakuwa nzito na betri inapungua nguvu, kwa hiyo anza na teminali, vile vichwa vya waya vinavyokaa kwenye betri, zitoe usugue na msasa mpaka zing'ae, na waya wa ethi, ule unaotoka negativu kwenda kwenye bodi, nao ukaze. Ukipata mita ya kupimia umeme, pima betri wakati mtu anapiga stata, ikibaki kwenye volti 12 na bado inalia tak tu basi ugonjwa uko ndani ya stata.

Kuishusha unaweza kabisa. Lakini tafadhali sana, waya wa negativu utoke kwenye betri kabla hujagusa chochote, maana ule waya mnene wa stata una moto, yaani umeme, muda wote hata ukizima swichi na mara nyingi hauna fyuzi, spana ikigusa bodi utaungua mkono. Ufuate huo huo waya mpaka kwenye stata, fungua nati yake, chomoa kawaya kadogo, halafu bolti mbili, Toyota nyingi ni spana 14. Ukiingia chini ya gari weka stendi, jeki peke yake hapana, hapo sikubembelezi.

Sasa fungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi, ile swichi ya umeme iliyoshikana na stata. Kuna vipande viwili vya kopa (shaba), mara nyingi kimoja unakikuta cheusi na kimeliwa upande kama kisigino cha kiatu, plunja, yaani kile chuma kinachosogea ndani, inagonga ndio hiyo tak unayosikia lakini umeme haupiti. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, shuka navyo Mwanjelwa uwaulize mafundi umeme wa magari. Na kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu ya stata inayozunguka, ukikuta zimekuwa fupi badilisha zote.

Stata nyingine nunua kama meno ya gia yake ndogo yamevunjika au koili imeungua, hata ya mtumba sawa, ila hesabu meno yalingane na ya kwako na waijaribu kwenye betri ukiwa unaona. Ukirudisha, negativu ifungwe mwisho, gia iwe huru, ndio upige.